Kutoka Handakini hadi Everest: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Wapandaji wa 1921, 1922 na 1924

Majibu haya yanahusu misafara mitatu ya kwanza ya Waingereza kwenye Everest, iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia (1914 hadi 1918), yote kupitia Tibet, pamoja na watu wachache waliofuata, baadhi yao wakitokea Kenya. Vimo vingi viliandikwa kwa futi. Tumevigeuza kuwa mita, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya kitabu na kitabu isikushangaze.

Ni nani hasa kati yao waliotoka vitani?

Wengi, ila si wote. Charles Howard-Bury, kiongozi wa 1921, aliongoza askari huko Ufaransa na akatekwa na Wajerumani 1918. Charles Bruce, kiongozi wa 1922, alipigwa risasi za rashasha miguuni huko Gallipoli 1915, na madaktari walimwambia aachane na mambo ya kupanda vilima. George Mallory, mwalimu wa shule, alikuwa ofisa wa mizinga katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Edward Norton naye alikuwa mtu wa mizinga, lakini askari wa kazi, si wa dharura kama Mallory. Noel Odell, Oliver Wheeler na Henry Morshead walitoka kikosi cha wahandisi. George Finch, mkemia aliyezaliwa Australia, alihudumu katika idara ya silaha na risasi huko Salonika.

Andrew Irvine, aliyepotea na Mallory 1924, alizaliwa 1902. Vita vilikwisha kabla umri wake haujafika. Alexander Kellas hakushika bunduki. Alikuwa mkemia aliyefanya utafiti kwa wizara ya anga kuhusu mwili wa binadamu unavyokosa oksijeni huko juu. Mchango wake kwa Everest pengine unazidi wa maofisa wengi wenye nishani, ila alifia njiani Juni 1921, karibu na Kampa Dzong, akiwa amedhoofishwa na kuhara, kabla hajafika mlimani.

Kwa nini Everest, na kwa nini mara tu vita vilipokwisha?

Mpango ulikuwa wa zamani. John Noel alijipenyeza Tibet akiwa amejibadilisha sura mwaka 1913, akafika kilomita 65 hivi kutoka mlimani kabla ya kurudishwa. Vita vikasimamisha kila kitu. Machi 1919 Noel alisoma taarifa yake mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London, na mjadala ukafunguka upya. Nepal ilikuwa imefungwa kwa wageni, kwa hiyo njia pekee ilikuwa kaskazini, na ruhusa ya Dalai Lama ilipatikana mwishoni mwa 1920.

Kulikuwa pia na suala la heshima. Ncha ya Kaskazini Wamarekani walidai kuifikia 1909. Ya Kusini Wanorwe waliwatangulia Waingereza 1911. Everest ndiyo iliyobaki.

Je, ni kweli vita viliwafanya wasiogope kufa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwa linatiwa chumvi. Wanaosema ndiyo wana hoja. Howard Somervell, daktari wa upasuaji, alikuwa katika hospitali ya nyuma ya mstari wa mbele tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya Somme, ambapo jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu zaidi ya 57,000 kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Majeruhi walilazwa nje kwenye nyasi kwa mamia, na madaktari wachache walipita wakiamua nani atibiwe na nani aachwe. Mtu aliyepita hapo hawezi kukitazama kifo kama alivyokitazama 1913.

Lakini tazama walichofanya mlimani. Norton aligeuka 1924 akiwa amebakiza mita 280 hivi kufika kileleni, kwa sababu alipiga hesabu ya saa. Finch aligeuka 1922 alipoona mwenzake amedhoofika. Mtu asiyejali kufa hapigi hesabu ya namna hiyo. Na maporomoko ya theluji yalipoua wapagazi saba tarehe 7 Juni 1922, Somervell aliandika kwa uchungu kwamba heri Mwingereza mmoja angekufa pamoja nao. Hayo si maneno ya mtu aliyekufa ganzi.

Kwa maoni yetu, athari ya vita inaonekana wazi zaidi kwenye vifaa na mpangilio wa safari. Ya moyoni kila mtu alikuwa na yake: Somervell alichukia vita maisha yake yote yaliyobaki na akaenda kuwa daktari wa misheni Neyyoor, kusini mwa India, Norton alibaki jeshini.

Basi vita viliwapa nini cha kushikika?

Vitu viwili: oksijeni ya marubani, ambayo ina swali lake hapa chini, na utaratibu wa kusogeza mizigo kwa vituo. Msafara wa 1924 ulipangwa kama jeshi linavyosogeza risasi na chakula kuelekea mstari wa mbele. Kambi zilikuwa hivi, kwa mita za kukadiria: kambi kuu ya Rongbuk 5,100, Kambi I 5,400, II 6,000, III 6,400, IV kwenye North Col, tandiko la barafu kati ya vilele viwili, 7,000, V 7,700, VI 8,170. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki: kambi kuu ilikuwa juu kidogo ya kilele cha Lenana, Mlima Kenya (4,985), na Kambi II ilikuwa tayari imekipita kilele cha Uhuru, Kilimanjaro (5,895). Kazi yenyewe ilianzia hapo.

Udhaifu wa mpango huu ni hesabu. Ili watu wawili walale Kambi VI usiku mmoja wanahitaji hema, mifuko ya kulalia, jiko, mafuta na chakula. Kule juu mpagazi hubeba kilo 9 hadi 11 tu, na yeye mwenyewe anahitaji hema na chakula katika kila kambi ya chini yake. Dhoruba ya siku tatu inakula akiba ya kambi zote kwa pamoja. Ndicho kilichotokea Mei 1924: baridi na upepo viliwarudisha chini mara mbili, wapagazi wakachoka, na walipopanda kwa mara ya mwisho walikuwa wamebaki wachache wenye nguvu.

Mitungi ya oksijeni ya 1922 ilifanyaje kazi?

Seti moja ilikuwa na fremu ya mgongoni yenye mitungi minne ya chuma. Kila mtungi ulijazwa lita 240 za oksijeni kwa mgandamizo wa atmosfia 120. Seti nzima ilikuwa na uzito wa kilo 14.5 hivi. Gesi ilipita kwenye vali ya kupunguza mgandamizo, kisha kwenye mpira hadi kinywani, kwa mwendo wa lita 2 hadi 2.4 kwa dakika.

Piga hesabu: mitungi minne ni lita 960. Kwa lita 2 kwa dakika unapata saa 8, kwa 2.4 unapata saa 6 na dakika 40. Hiyo ni kupanda na kushuka kwa pamoja, kama hakuna kinachovuja. Na kilivuja. Hewa kavu ya Tibet ilikausha na kusinyaza washa za vali, na viungo vilivyolehemiwa vililegea kwa kutikisika mgongoni mwa wanyama kwa wiki kadhaa. Finch alitumia siku nyingi njiani na kambini akizikaza seti zile upya.

Barakoa za kiwandani zilikuwa tatizo kubwa zaidi, kwani zilimkaba mtu pumzi. Finch alizitupa akabuni kitu rahisi: mrija wa kioo wenye umbo la T, ukiunganishwa na kibofu cha mpira na mpira wa kinywani. Ukitoa pumzi unaubana mpira kwa meno, oksijeni inajaa kibofuni. Ukivuta unauachia, unapata iliyojaa pamoja na inayotiririka. Unajifunza kwa dakika chache, baadaye meno yanafanya yenyewe.

Tarehe 27 Mei 1922 Finch na Geoffrey Bruce, ambaye hakuwa amewahi kupanda mlima wa maana kabla ya hapo, walifika mita 8,320, juu kuliko mtu yeyote hadi siku hiyo. Hapo mrija wa kioo wa Bruce ukavunjika. Finch alimvutisha kutoka kwenye seti yake mwenyewe hadi akaurekebisha, kisha wakageuka. Kabla ya hapo, wakiwa wamezuiwa na dhoruba hemani, waligundua jambo ambalo wapandaji wa leo bado wanalitumia: oksijeni kidogo usiku inaleta usingizi na inarudisha joto vidoleni.

Kama ilisaidia hivyo, kwa nini wengine waliikataa?

Kwa sababu ya fikra za uungwana wa michezo: kutumia mashine kulionekana ni kudanganya. Pia siku sita kabla ya Finch, tarehe 21 Mei, Mallory, Norton na Somervell walifika mita 8,225 bila mtungi, kwa hiyo faida haikuonekana kubwa kwenye karatasi. Profesa Georges Dreyer wa Oxford, aliyetengeneza vifaa vya oksijeni vya marubani wakati wa vita na kuwapima wapandaji kwenye chumba cha hewa hafifu, alikuwa na maoni tofauti: bila oksijeni huenda wasifike, na wakifika huenda wasirudi. Finch hakuchukuliwa tena 1924. Hasara ilikuwa ya msafara.

Ni kweli walipanda Everest na nguo za kuendea ofisini?

Hapana. Picha zinadanganya, kwa sababu nyingi zilipigwa kambini. Juu walivaa tabaka nyembamba nyingi za hariri, pamba na sufu, kisha gabadini ya kuzuia upepo. Nguo za Mallory zilitengenezwa upya kwa kufuata vipande vilivyokutwa mwilini mwake, zikajaribiwa Everest mwaka 2006. Zilikuwa nyepesi na zenye joto la kutosha kwa siku tulivu. Kukitokea upepo mkali au ukilazimika kulala nje, hazitoshi. Finch alikuwa na koti alilojishonea: kitambaa cha puto lililojazwa manyoya ya bata. Wenzake walimcheka mwanzoni. Leo kila mtu huko juu anavaa mjukuu wa koti hilo.

Miguuni ndiko kulikokuwa na udhaifu. Viatu vya ngozi vilipigiliwa misumari ili visiteleze, na msumari unapitisha baridi kutoka kwenye barafu hadi kwenye soli. Meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu yalikuwepo, lakini kamba zake zilibana damu isifike vidoleni, kwa hiyo juu ya North Col waliyaacha. Waliviringisha miundi kwa bandeji za sufu, vazi lililotoka moja kwa moja jeshini.

Walikosea wapi zaidi?

Maji. Huu ndio mtazamo wetu, na tunaupa uzito kuliko suala la nguo. Kwenye mita 7,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 77 hivi, na kila kikombe kinaanza na theluji kavu inayokula mafuta na muda. Mtu anayehema kwa nguvu kwenye hewa kavu anapoteza maji kwa kila pumzi, na wao walikunywa vikombe vichache tu kwa siku. Damu ikawa nzito, vidole vikaganda mapema, koo likachanika. Usiku wa kuamkia 4 Juni 1924 kifuniko cha chupa ya chai ya Norton na Somervell kilifunguka, chai ikamwagika, wakalazimika kuyeyusha theluji upya asubuhi. Muda huo waliuhitaji mchana. Siku chache baadaye jiko la Mallory na Irvine liliviringika mteremkoni kutoka Kambi V.

Kwenye chakula hawakuwa na shida ya uchache. Mizigo ilikuwa na makopo ya kware na divai ya shampeni. Tatizo ni kwamba juu ya mita 7,000 hamu ya kula inakatika, na kware wa kopo hawairudishi.

Nini kilitokea tarehe 4 Juni 1924?

Norton na Somervell waliondoka Kambi VI saa 12:40 asubuhi, bila oksijeni. Norton alijiwekea lengo la hatua 20 bila kusimama. Hakumbuki kulifikia, kumi na tatu ndiyo ilikuwa karibu zaidi. Koo la Somervell, lililokuwa limeungua kwa baridi, lilivimba, na kwenye saa 6 mchana akabaki nyuma. Norton aliendelea peke yake kuvuka korongo linaloitwa leo kwa jina lake, juu ya vigae vya mawe vyenye theluji laini isiyoshikamana. Katika saa nzima ya mwisho alipata mita 30 hivi tu za kimo. Saa 7 mchana, kwenye mita 8,570, aligeuka.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwa mwendo wa asubuhi, ambao haukufika mita 70 kwa saa, mita 280 zilizobaki zingemchukua saa nne au zaidi. Angefika jioni, macho yakiwa tayari yanaona vitu viwiliviwili. Wakati wa kushuka kitu kilimziba Somervell koo kabisa. Alikaa chini, akajibonyeza kifua kwa mikono yote miwili akakikohoa: ulikuwa utando wa ndani wa koo lake. Usiku huo Norton alipofuka kwa theluji. Hakuna aliyepita kimo chake bila oksijeni hadi 1978.

Je, Mallory na Irvine walifika kileleni tarehe 8 Juni?

Hakuna ushahidi. Odell aliwaona saa 6:50 mchana kupitia mwanya wa mawingu. Shoka la barafu la Irvine lilikutwa 1933. Mwili wa Mallory tarehe 1 Mei 1999 kwenye mita 8,155, mguu wa kulia umevunjika, kamba imekatika kiunoni. Mguu wa Irvine ndani ya kiatu, soksi ikiwa na jina lake, ulikutwa chini kwenye mto wa barafu wa Rongbuk mwaka 2024. Kamera waliyoibeba, ambayo huenda ingetoa ushahidi, haijapatikana.

Jambo moja lisilosemwa sana: siku hiyohiyo, 8 Juni 1924, klabu ya wapandaji wa Lake District, eneo la milima na maziwa huko Uingereza, ilizindua juu ya mlima Great Gable bamba la shaba lenye majina ya wanachama waliokufa vitani. Aliyeongoza ni Arthur Wakefield, daktari wa msafara wa 1922. Aliyehutubia ni Geoffrey Winthrop Young, rafiki wa Mallory, aliyepoteza mguu wa kushoto Italia 1917 akihudumu na magari ya wagonjwa, na ambaye 1928 alipanda Matterhorn kwa mguu wa bandia.

Wapagazi wanatajwa wapi?

Mara chache, na hilo ni kosa la vitabu vingi. Kambi VI ya 1924 ilifikishwa mahali pake na watatu: Norbu Yishay, Lhakpa Chedi na Semchumbi. Bila wao kimo cha Norton hakipo. Wapagazi saba walikufa 1922, na 1924 wakafa wasaidizi wengine wawili wa msafara. Kwenye michezo ya baridi ya Chamonix 1924 msafara wa 1922 ulipewa nishani za Olimpiki, na saba wale walihesabiwa miongoni mwa waliotunukiwa.

Kenya inaingiaje?

Kupitia Bill Tilman. Alizaliwa 1898, akaingia vitani na kikosi cha mizinga akiwa kijana mno, akatoka na nishani mbili za Military Cross. Baada ya vita alipata shamba Kenya kupitia bahati nasibu ya ardhi kwa askari wa zamani, ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa, akafyeka msitu na kupanda kahawa. Eric Shipton alifika Kenya 1928, na Januari 1929 alipanda Batian, kilele cha juu kuliko vyote cha Mlima Kenya, na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni. Walikuwa wa kwanza kuirudia tangu Mackinder, aliyeifikia kwa mara ya kwanza 1899, na wa kwanza kabisa kufika Nelion, kilele cha pili cha mlima huo. Tilman alimwandikia Shipton barua kutaka washirikiane. Mwaka 1930 wawili hao walipanda Kilimanjaro, kisha wakapanda Mlima Kenya kwa ukingo wa magharibi na kushukia upande mwingine. Mwaka 1932 walikwenda Ruwenzori.

Hapo ndipo mtindo wao ulipozaliwa: watu wachache, mzigo unaobebeka, chakula cha kawaida, hakuna msururu wa kambi. Waliupeleka Himalaya. Tarehe 29 Agosti 1936 Tilman na Odell walifika kilele cha Nanda Devi, mita 7,816, kilele cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimefikiwa hadi 1950. Wote wawili walikuwa wamekataliwa kwenda Everest mwaka huo, Odell kwa umri, Tilman kwa kuwa mwili wake ulichelewa kuzoea kimo. Tilman alipoongoza Everest 1938 alitumia pauni 2,360 tu, wakati misafara mikubwa iligharimu takriban 10,000. Alikwama chini ya kilele kwenye theluji ya msimu wa mvua uliowahi, kama waliotumia mara nne yake.

Na yule aliyeliokota shoka la Irvine 1933? Wyn-Harris huyohuyo.

Wajerumani nao?

Paul Bauer, askari wa zamani, aliongoza majaribio ya kupanda Kangchenjunga, mlima mwingine wa Himalaya, 1929 na 1931 na alieleza wazi kwamba anatafuta mlimani heshima iliyopotea vitani. Hapo uhusiano wa vita na mlima haukisiwi. Umeandikwa na mwenyewe.

Kuna waliopanda wakiwa bado vitani?

Wapo, katika Vita vya Pili vya Dunia, na karibu na sisi. Januari 1943 mateka watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka Kambi 354 ya Nanyuki ili tu wapande Mlima Kenya. Mashoka ya barafu waliyatengeneza kutokana na nyundo, meno ya viatu kutokana na mabati chakavu, kamba kutokana na katani za vitandani. Mchoro wa mlima waliupata kwenye lebo ya kopo la nyama. Batian iliwashinda: njia waliyoichagua ilikuwa ngumu na dhoruba ikawafika, na chakula kilikuwa kinakwisha. Tarehe 6 Februari Benuzzi na Balletto walisimamisha bendera ya Italia Lenana. Barsotti, aliyekuwa mgonjwa, alibaki kambini. Kisha wakarudi wenyewe kujisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia saba.